Matairi mapya ya pikipiki ya barabarani Nairobi: saizi, tarehe, presha na kufunga

LamiKavu
Wadau, salamu. Natafuta matairi mawili ya Pulsar NS200. Saizi ya kiwandani ni 100/80-17 mbele na 130/70-17 nyuma, yote tyubulesi (hayana tyubu ndani). Kazi yake ni Juja hadi Upper Hill kwa Thika Road siku tano kwa wiki, mara nyingi nikiwa na abiria, na wikendi ni Naivasha kwa kushuka Mai Mahiu. La nyuma limekuwa bapa katikati ilhali pembeni mifereji bado ipo. La mbele lina tredi (mpira wa juu unaogusa lami) nusu.

Kwanza nataka tairi linaloshika lami iliyolowa, pili lidumu, bei ije mwisho. Nyuma naweza kupanda hadi 140/70? Rediali ina faida kwa pikipiki ya ukubwa huu? Na ni lazima nibadilishe yote mawili?

SpanaKumi
Karibu mkuu. Kabla ya jina la kampuni, soma ubavu wa tairi lako, kwa sababu nusu ya maswali yako yamejibiwa pale.

Tuseme imeandikwa 130/70-17 62P. 130 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, yaani milimita 91. Kistari kinamaanisha nyuzi za ndani zimepishana kimshazari, ndiyo bayasi. Kama ni rediali, mahali pa kistari pana herufi R. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 62 ni namba ya mzigo, na P ni mwendo.

Namba ya mzigo ndiyo watu wanairuka. 52 ni kilo 200, 58 ni kilo 236, 62 ni kilo 265, 66 ni kilo 300, 73 ni kilo 365. Kwa mwendo, P ni kilomita 150 kwa saa, S ni 180, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Ukinunua jipya, namba ya mzigo na herufi ya mwendo zisishuke chini ya zile za kiwandani. Kupanda ni sawa. Unayebeba abiria kila siku usikubali kabisa kuambiwa "saizi ni ileile" na namba ya mzigo imepungua. Ubavu unaobeba kuliko uwezo wake hupinda kila mzunguko, kupinda kunaleta joto, na joto ndilo linalotenganisha mpira na nyuzi. Hilo huanza kuonekana kama uvimbe mdogo ubavuni, na tairi lenye uvimbe halirekebishwi, linatolewa siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Rimu
Kuhusu 140/70, acha. Hesabu ni hii.

130/70-17: ubavu 91 mara mbili ni 182, jumlisha rimu milimita 431.8, kipenyo ni karibu 614.
140/70-17: ubavu 98 mara mbili ni 196, kipenyo ni karibu 628.

Umeongeza milimita 14 za kipenyo, kwa hiyo mkia umepanda milimita 7 na mzunguko mmoja wa gurudumu umekuwa mrefu kwa zaidi ya asilimia 2. Gia zote zimekuwa ndefu kidogo, na kwa injini ya 200cc yenye abiria kwenye mlima wa Kinungi utausikia huo uzito.

Kubwa zaidi ni rimu. Angalia namba iliyopigwa kwenye rimu yenyewe, mfano 17xMT3.50. MT ni rimu iliyotengenezwa kwa tyubulesi, 3.50 ni upana wake kwa inchi. Tairi la 130 limekaa vizuri hapo. La 140 hupimwa kiwandani kwenye rimu ya inchi 4. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, kingo (sehemu za tairi zinazobana rimu) zinavutwa ndani na mgongo wa tairi unachongoka. Ukiwa wima unakanyaga eneo dogo kuliko ulilokuwa nalo, na ukilala kona, bega la tairi halifiki chini jinsi aliyelichora alivyokusudia. Kwa macho ni pana. Barabarani limepungua.

NduthiYaSouthB
Lakini kuna wasee wengi wanavaa 140 na zinatembea.

Mzee_wa_Rimu
Zinatembea, ndiyo. Mwambie mmoja aweke pikipiki kwenye stendi, azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, apime nafasi kati ya tairi na cheni, tairi na mkono wa nyuma, na tairi na madigadi ya ndani. Chini ya milimita 5 popote ni kidogo mno, kwa sababu tairi hutanuka likipata joto na mwendo, na shokabu zikizama kwenye tuta, madigadi hushuka. Alama nyeusi inayong'aa upande wa cheni ni dalili kwamba tayari linagusa.

Anayetaka tairi pana aanze na rimu pana, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

SpanaKumi
Rediali: kwa NS200 mwongozo ni kufuata kilichotoka kiwandani. Rediali ina nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda juu yake. Ubavu unalegea, mgongo unabaki imara, joto linapungua kwenye mwendo mkubwa. Faida hiyo inaonekana kwa pikipiki nzito au yenye kasi. Bayasi ina ubavu mgumu, inabeba mzigo vizuri kwenye mwendo wa kawaida na inastahimili mashimo.

Hatari ni kuchanganya ovyo. Rediali mbele na bayasi nyuma, usifanye: mbele inajibu haraka, nyuma inachelewa, pikipiki inayumba kwenye kona ndefu. Bayasi mbele na rediali nyuma ipo kiwandani kwa baadhi ya pikipiki, mfano Apache RTR 200 4V huvaa 90/90-17 mbele na 130/70 R17 nyuma, lakini hapo mtengenezaji ndiye aliyeoanisha na kujaribu. Wewe na muuzaji wa duka hamna huo uwanja wa majaribio.

Mama_Twiga
Niongezee kwa swali la kubadilisha yote mawili, maana hapa watu hupoteza pesa au hupoteza usalama.

Si lazima. Nyuma huisha kwanza kwa sababu ndiyo inayosukuma na kubeba abiria. Mara nyingi mbele moja huishi karibu muda wa nyuma mbili. Ila kuna masharti. La mbele liwe na mifereji ya kutosha, lisiwe na nyufa ndogo kwenye mizizi ya mifereji, na lisiwe limeliwa kwa mawimbi. Pitisha kiganja juu ya tredi kuelekea mbele, kisha rudisha nyuma. Ukihisi laini upande mmoja na meno upande wa pili, limeliwa kwa mawimbi. Sababu huwa presha ya chini, shokabu za mbele zilizochoka, au gurudumu lisilosawazishwa. Ukiweka jipya bila kutibu sababu, nalo litaota meno hayohayo.

Pia likiwa jipya nyuma na mbele limechakaa nusu, kaa ndani ya kampuni moja na muundo mmoja, au angalau aina moja ya kazi. Tairi la mvua nyuma na tairi gumu la umri mrefu mbele ni mpango mbaya, kwa sababu mbele ndiyo inayobeba breki yako karibu yote. Ukiwa na pesa ya tairi moja zuri, kichwa changu kinaniambia liende mbele.

LamiKavu
Shukrani dada. La mbele halina mawimbi, ila kuna nyufa nyembamba sana karibu na herufi za ubavuni. Tarehe ni 1118.

Mama_Twiga
1118 ni wiki ya 11 ya mwaka 2018. Toa, hata kama tredi inakupendeza. Watengenezaji wengi wanasema tairi lililopita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na lisizidi miaka 10 tangu lilipotengenezwa hata likiwa halijatembea. Nyufa ubavuni zinaonyesha mpira umekauka, na mpira uliokauka haushiki lami baridi na mbichi hata ukiwa na mifereji ya kuogelea. Kwa hiyo jibu la swali lako limegeuka: badilisha yote mawili.

KaptenWaMvua
Sasa tuje kwenye mvua, maana ndiyo aliyoweka mbele.

Watu wengi huchagua kwa kuangalia wingi wa mifereji. Mifereji inatoa maji yaliyosimama, na kwa tairi la pikipiki ambalo ni mviringo, kazi hiyo inafanyika vizuri kwenye mwendo wa mjini. Kinachoshika lami iliyolowa ni mpira wenyewe. Mpira wenye silika nyingi (unga wa madini unaochanganywa na mpira) hubaki laini ukiwa baridi. Mpira wenye makaa meusi mengi hudumu kwa kilomita lakini hukakamaa asubuhi ya Julai na kuteleza mvua ya kwanza ikianguka. Ndiyo maana matairi mawili yenye mchoro unaofanana yanaweza kuwa tofauti kabisa Thika Road saa kumi na mbili asubuhi.

Matairi ya kisasa ya barabarani yana mpira wa aina mbili: katikati mgumu kwa sababu huko ndiko unakokaa ukiwa wima, mabegani laini kwa ajili ya kona. Hii inakuhusu moja kwa moja, maana tairi lako limekuwa bapa katikati. Juja hadi mjini ni mstari ulionyooka. Ukibaki na tairi la mpira mmoja laini, katikati itaisha tena na mabega yabaki mapya. Tairi bapa lina tabia mbaya: linakataa kulala, halafu likivuka ukingo wa ubapa linadondoka ghafla. Kwenye kona za kushuka Mai Mahiu hutaki kitu kinachodondoka.

Alama ya kuisha ipo ndani ya mifereji: kijituta kidogo cha mpira. Ubavuni pana herufi TWI au kipembe kidogo kinachoelekeza mahali kilipo. Kwa matairi mengi ya pikipiki kijituta kina urefu wa milimita 0.8. Tredi ikifika usawa wake, limekwisha. Kwa anayepanda masika na vuli, nashauri abadilishe ikiwa imebaki milimita 2 katikati. Chini ya hapo uwezo wa kutoa maji unashuka haraka kuliko unavyodhani.

Na tairi haliwezi kutibu kila kitu. Mistari ya rangi nene, mifuniko ya mitaro, na ile dakika thelathini ya kwanza mvua ikirudi baada ya kiangazi, wakati mafuta na vumbi vinapanda juu ya lami, hayo ni ya mkono wako wa breki.

MT_Nyeusi
Ninaomba tuongezee za injini kubwa. Yangu ni Yamaha MT-07, 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Napendekezewa tairi la michezo kwa sababu "linashika zaidi". Matumizi ni kazini na safari ndefu.

KaptenWaMvua
Usichukue la michezo. Hayo yameundwa yafanye kazi yakiwa na joto, na kati ya Roysambu na Globe kwenye foleni hutalipasha joto kamwe. Asubuhi yenye baridi litashika kidogo kuliko tairi la safari, na katikati itaisha upesi. Waliopendekeza wanafikiria uwanja wa mbio.

Chukua kundi la matairi ya safari na michezo: Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II, Metzeler Roadtec 01, Bridgestone Battlax T32, Dunlop RoadSmart IV. Hayo matano ni ya ukoo mmoja, yote yana mpira wenye silika, na tofauti zao ni ndogo kuliko tofauti ya presha uliyoweka. Nairobi chagua lile linalopatikana likiwa na tarehe mpya. Ukichelewesha ununuzi ili upate jina fulani, hakikisha wakati huo hujapanda mvua ya Aprili na tairi lililokwisha.

Uangalie pia kuwa baadhi ya matairi hayo yana toleo la pikipiki nzito za safari, lenye ubavu mgumu. Kwa MT-07 hilo halikuhusu, litakupa safari ngumu bure. Na 190/50 usiguse, kipenyo chake ni karibu 622 wakati 180/55 ni karibu 630. Kwa pikipiki zenye ABS (mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukifunga breki), uwiano wa mzunguko wa mbele na nyuma ni sehemu ya hesabu ya kompyuta, kwa hiyo kucheza na saizi ni kuichanganya.

NduthiYaSouthB
Na sisi wa pikipiki ndogo zenye spoksi? 3.00-17 nyuma, tyubu ndani. Naona matairi ya tyubulesi madukani, nitoe tyubu?

Fundi_Kariobangi
Hapana. Spoksi hupita kwenye mashimo ya rimu, na mashimo hayo hayazibi hewa. Bila tyubu, upepo unatoka kupitia huko. Kuna njia za kuziba rimu ya spoksi, lakini tepu na gundi za kienyeji hazifai kuaminiwa kwenye gurudumu linalobeba abiria. Tairi la tyubulesi linaweza kuvaliwa na tyubu ndani, maadamu saizi ya tyubu inalingana. Linaleta joto zaidi, kwa hiyo usilikimbize kwa ile kasi ya herufi iliyoandikwa.

Rimu nyingi za spoksi huwa na alama WM: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Linganisha na tairi unalotaka. Kwa lugha ya milimita, 3.00 inakaribiana na 90/90 na 2.75 inakaribiana na 80/90, ila "inakaribiana" isiwe sababu ya kubadilisha bila kupima nafasi.

Tyubu mpya iwekwe kila unapoweka tairi jipya. Ya zamani imeshatanuka, ukiikunja ndani ya tairi jipya inajikunja mkunjo mmoja na hapo hapo ndipo itapasuka. Mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoksi ubadilishwe ukiwa umechanika. Paka poda ya talki kidogo. Nati ndogo ya valvu usiikaze dhidi ya rimu, iache juu karibu na kifuniko. Tairi likisogea kwenye rimu, valvu itaonekana imelala, nawe utaiona kabla haijakatika. Ukikaza, itakatika ndani bila kukuonya.

Mama_Twiga
Na dukani, kabla hujalipa. Kirinyaga Road kuna matairi mengi mazuri na mengine ya zamani yanakaa rafu moja nayo.

Tafuta msururu wa herufi unaoanza na DOT ubavuni. Namba nne za mwisho ndizo wiki na mwaka. Mara nyingi huwa zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Lililoning'inizwa nje juani, hata la mwaka juzi, mwombe muuzaji akutolee la ndani. Jua na moshi wa mjini hula mpira. Ubonyeze ubavu kwa kidole gumba karibu na ukingo, angalia kama unaona nyufa za mpira zikifunguka kama ngozi kavu. Chunguza waya wa ukingo: ukiona umekunjika, limekunjwa vibaya kwenye usafiri na halitakaa kwenye rimu.

Ya mitumba ninayakataa waziwazi, hata yakiwa na tredi nene. Huwezi kuona ndani limeendeshwa bila upepo au la. Dalili ya kuendeshwa bila upepo ni unga mweusi ndani ya tairi na mstari uliosagika ubavuni kwa ndani, na muuzaji wa mtumba amekwisha kulifuta.

LamiKavu
Basi nimekubali: yote mawili, saizi za kiwandani, bayasi, tyubulesi. Nani yupo wa kuzungumzia kufunga? Fundi wangu hutumia mashine ya magari.

Fundi_Kariobangi
Mashine ya magari bila vishikio vya pikipiki itachubua rimu yako na kukunja diski. Tafuta aliye na vishikio vidogo vyenye plastiki, au afunge kwa mikono akiwa na vilinda rimu. Hatua zenyewe:

Legeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado chini, kisha inua kwa stendi ya nyuma. Kabla hujavuta, weka alama ya chaki au piga picha ya vipimo vya kurekebishia cheni pande zote mbili. Gurudumu likitoka, liweke juu ya vipande vya mbao, upande wa diski usigusane na sakafu. Diski ikipinda hata kidogo utaisikia kwenye breki kila siku. Rubba za habu ya nyuma ziangalie hapo hapo. Zikiwa na mchezo, zibadilishe, maana zikichakaa hata cheni nzuri huruka.

Toa kiini cha valvu, bandua ukingo pande zote mbili. Safisha pale ukingo unapokaa kwa brashi laini. Chumvi ya alumini na mabaki ya mpira ndiyo chanzo cha upepo unaopungua polepole baada ya tairi jipya kufungwa, watu hulaumu tairi. Badilisha valvu ya mpira kila mara. Iliyozoeleka kwa pikipiki ni TR412. Ile ndefu ya magari, TR413, hupinda kwa mzunguko wa kasi na inaweza kuvujisha upepo.

Mshale wa mzunguko ubavuni uelekee mbele, kwa gurudumu la mbele na la nyuma. Kama tairi lina kidoto cha rangi, weka kidoto karibu na valvu, maana kinaonyesha sehemu nyepesi. Mengine hayana kidoto, si kosa. Paka mafuta maalumu ya tairi au maji ya sabuni nzito. Usitumie petroli, oili wala grisi. Sukuma upande wa pili wa ukingo ushuke kwenye bonde la katikati ya rimu, ndipo nguvu kidogo itatosha kuvusha upande wako. Ukiona unalazimisha, hujashusha upande wa pili, acha kuongeza nguvu kwa sababu utakata waya.

Jaza upepo kiini kikiwa nje. Utasikia milio miwili ya ukingo kukaa. Usivuke psi 50 (psi ni kipimo cha presha) isipokuwa ubavuni umeandikwa kikomo kingine, na usiinamie juu yake. Lisipokaa, toa upepo, paka tena, zungusha. Kuna wanaolipua petroli ili likae. Hiyo inaunguza mpira wa ndani na inaweza kumwua mtu. Baada ya hapo rudisha kiini na angalia mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na rimu. Umbali wake kutoka rimu uwe sawa mzunguko mzima pande zote mbili. Ukipinda, tairi halijakaa.

Mzee_wa_Rimu
Nakazia hapo kwenye mstari. Hiki ndicho kipimo cha dakika moja ambacho kinakuonyesha kazi ilifanywa au haikufanywa. Omba uuone mwenyewe kabla ya kulipa.

SpanaKumi
Kusawazisha kusirukwe. Stendi ya ekseli yenye beringi inatosha. Gurudumu likizunguka na kusimama na sehemu ileile chini kila mara, hapo ni pazito, kwa hiyo uzito wa kubandika unakwenda upande wa pili, gramu 5 kwa gramu 5, kwenye rimu iliyosafishwa na kukauka. Likihitaji zaidi ya gramu 50 hivi, geuza tairi nusu duara kwenye rimu ujaribu tena, huenda uzito wa tairi na wa rimu umekutana upande mmoja. Ukiendelea kuhitaji mzigo mkubwa, pima rimu, Nairobi mashimo yamekunja nyingi.

Kurudisha: ekseli ikazwe kwa nguvu iliyo kwenye kitabu cha pikipiki na kwa spana inayopima. Kulegea kwa cheni pia ni kwa kipimo cha kitabu. Kisha, kabla ya kutoka, bana breki mara kadhaa hadi ijae. Pedi zilisukumwa nyuma na diski inaporudi, breki ya kwanza huwa haina kitu. Wapo waliogonga geti la mteja kwa sababu hiyo.

KaptenWaMvua
Kilomita 160 za kwanza, shika polepole. Kiwanda huweka kitu cha kulainisha ili tairi litoke kwenye ukungu, na tairi jipya linateleza hadi uso wake uchakae. Usilale kona kwa ghafla, breki zivute taratibu, na usitoe pikipiki dukani kwenda moja kwa moja kwenye mvua kama unaweza kusubiri. Ongeza ulalaji kidogo kidogo ili mabega nayo yapate kuchakaa.

LamiKavu
Presha? Pale stesheni kila mtu ananiwekea 35 bila kuuliza.

SpanaKumi
Kwa NS200 kitabu kinataka psi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Thibitisha kwenye kibandiko cha pikipiki yako. Pima tairi likiwa baridi, yaani halijatembea kwa saa tatu, na kwa geji yako mwenyewe. Presha ikizidi, katikati hufura na ndipo unapopata lile tairi bapa. Huko nyuma kulikokuwa bapa, psi 35 zile ni mshukiwa wa kwanza. Ikipungua, mabega na ubavu ndivyo huteseka, na shimo moja la Thika Road linagonga rimu moja kwa moja.

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, isichukuliwe kuwa presha ya pikipiki yako.

Mzee_wa_Rimu
Nyongeza kwa wanaoshuka Pwani. Geji hupima tofauti ya upepo wa ndani na wa nje. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na hewa hapa hukandamiza kama psi 12. Mombasa ni kama psi 14.7. Ukijaza 28 hapa na joto libaki lilelile, geji ya kule itakuonyesha juu kidogo ya 25 bila upepo hata chembe kutoka. Ila Pwani ni joto, na kupanda kwa nyuzi 10 au 12 kunarudisha sehemu kubwa ya hiyo. Matokeo ni upungufu wa kama psi 1. Kwa hiyo ukifika, lala, upime asubuhi, urekebishe kwa geji ya huko. Usijaze zaidi hapa eti "nitashuka".

NduthiYaSouthB
Pancha je? Misumari ya Gikomba haimwachi mtu.

Fundi_Kariobangi
Shimo likiwa kwenye tredi na lisizidi milimita 6, tyubulesi inazibika. Ile kamba yenye gundi inayosokotwa kutoka nje ni ya kukufikisha kwa fundi, isiwe ya kudumu. Ya kudumu ni plagi yenye kiraka kwa ndani, tairi likiwa limetolewa, na ndani kukaguliwa kwa unga mweusi niliosikia dada akitaja. Ubavu na bega havizibwi. Msumari ukiuona na upepo haujaisha, usiuvute mpaka uwe mahali pa kuzibia.

Vimiminika vya kumwaga ndani kuziba pancha vinasaidia njiani, lakini mwambie fundi kabla hajafungua. Hukwama kwenye valvu na kufanya kusawazisha kushindikane, na kiraka hakishiki mpira uliolowa navyo.

LamiKavu
La mwisho: nimeonyeshwa dukani seti mbili. Moja ni 130/70-17 yenye namba ya mzigo 61, tarehe ya miezi minne. Nyingine ni 62, ina miaka mitatu, bei imepunguzwa. La kiwandani lilikuwa 61.

SpanaKumi
61 ni kilo 257, na ndiyo ya kiwandani. Ukiwa na pikipiki ya kilo 160, wewe 80, abiria 75 na mkoba wa kilo 10, jumla ni kilo 325, na nyuma inabeba kama theluthi mbili yake, chini ya 220. Nafasi ipo. Chukua la miezi minne, na lile la mbele litafute kampuni hiyohiyo, namba ya mzigo isiwe chini ya 52.